Lehemu ya kurithi haishii kwako: kaa na ndugu zako

Mimi ni mwembamba tangu utoto. Kitimoto sili, chipsi mayai ni mara moja moja, na siku nyingi natembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi kazini Kariakoo. Pamoja na hayo, LDL yangu, ile inayoitwa lehemu (kolesteroli) mbaya, ilisoma 7.2 mmol/L, juu sana. Mhudumu wa zahanati moja aliyenipa majibu alinitazama juu hadi chini, akaitazama karatasi, kisha akaniambia nipunguze nyama choma. Nyama choma ipi, dada?

Nimeandika haya kwa sababu wengi wenye hali hii, lehemu nyingi ya kurithi, wanaishia hapo. Wanapewa orodha ya vyakula, wanakula mchicha mwaka mzima, namba inashuka kidogo, basi wanakata tamaa au wanajiona wavivu. Chakula kina nafasi yake, sikatai, ila kwa sisi tatizo liko kwenye ini. Ini ndilo linaloondoa LDL kwenye damu kwa kutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake. Waliotuonyesha jambo hilo ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, na mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel. Vinasaba vinavyotengeneza vipokezi hivyo unavipata nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa na hitilafu, chukulia kituo cha mwendokasi asubuhi na nusu ya mageti yamefungwa: abiria wanazidi kujaa nje, hata kama waliotoka nyumbani ni wachache. LDL inayobaki kwenye damu hivyo huziba mishipa ya moyo mapema.

Duniani inakadiriwa mtu 1 kati ya 250 anayo hali hii. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu zaidi ya milioni 5.3. Kama uwiano huo unatuhusu na sisi, hapa mjini tupo zaidi ya 20,000, na wengi wetu hatujawahi kupimwa mafuta ya damu.

Kwa hiyo, mtu mzima ukipima LDL ikawa 4.9 au zaidi (maabara nyingine huandika 190, ni kipimo kile kile kwa hesabu tofauti), usikubali kuondoka na ushauri wa mboga peke yake. Muulize daktari kama ameangalia tezi ya shingo na figo, maana nazo zikiumwa hupandisha lehemu. Zikiwa salama, mwambie habari za ukoo wako. Kipimo cha vinasaba ni kizuri ukikipata, ila matibabu hayakisubiri. Namba zako, dalili za mwilini na historia ya familia vinamtosha daktari kuanza.

Historia ya familia ndiyo ngumu. Kwetu mtu "alianguka bafuni", "presha ilipanda", "kalala hakuamka", na wakati mwingine ni mkono wa mtu, jirani anatajwa kabisa. Usiulize marehemu aliumwa nini, utapewa hadithi hizo hizo. Uliza alikuwa na umri gani. Mwanaume aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mwanamke kabla ya 60, huyo muandike. Na wazee wasiojua miaka wana kalenda yao. Shangazi yangu alinipangia ukoo mzima kwa kumbukumbu: babu alifariki wakati wa vita vya Kagera, mwanawe wa mwisho alikuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Tulipiga hesabu pale pale jikoni, babu hakufika hata 45.

Tazama na miili. Baba yangu mdogo amekuwa akisema miguu yake imeharibiwa na mpira wa mchangani. Siku moja anatawadha, nikamwomba nimshike nyuma ya kisigino. Ule ukano unaopanda kutoka kisiginoni kwa kawaida ni mwembamba, unaubana kwa vidole viwili. Wake ulikuwa mnene, mgumu, una vinundu, na haumuumi. Ile ni lehemu iliyojikusanya humo. Wengine huwa na duara la kijivu kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi ya jicho, pale inapokutana na nyeupe. Kwa mzee ni jambo la kawaida, lakini kwa mtu ambaye hajafika 45 ni sababu ya kwenda kupima.

Ukishathibitishwa, pima walio karibu nawe kwanza: wazazi, ndugu wa tumbo moja, watoto. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa nayo, awe wa kike au wa kiume. Atakayekutwa nayo, wanafuata wa kwake. Ambaye hakuirithi hawezi kuipitisha kwa wanawe, hilo nalo wambie, linapunguza hofu. Ila kwenye kundi la familia la WhatsApp usianze na "ukoo wetu una ugonjwa". Kuna mabinti wanaposwa, na neno kama hilo linafika kwa wakwe kabla ya jioni. Mimi niliandika kwamba nimeanza dawa ya mafuta ya damu, daktari anataka ndugu zangu nao wapime, nani twende naye Jumamosi. Kaka zangu walikaa kimya. Shemeji zangu ndio waliowaleta.

Na pale ambapo binamu nyama ya hamu wameoana, hakikisheni wote wawili mnapima. Wote wakiwa nayo, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi nakala mbili mbovu, na mtoto wa namna hiyo moyo unaweza kumsumbua kabla hajamaliza sekondari.

Dawa za kuanzia ni statini. Mjapani Akira Endo ndiye aliyeipata ya kwanza kwenye ukungu miaka ya 1970, na tangu 1987 zinauzwa. Utaambiwa ukianza huachi. Ni kweli, kwa sababu kinasaba nacho hakiachi. Utaambiwa zinaunguza ini. Daktari hupima ini, na madhara makubwa ni nadra. Misuli ikiuma, sema, kuna kupunguza dozi au kubadilisha. Anayekuuzia unga wa majani "unaosafisha mishipa" muulize LDL yake mwenyewe ni ngapi.

Kilichonishawishi mimi ni utafiti uliotoka 2006. Helen Hobbs na wenzake waliwachunguza Wamarekani weusi waliozaliwa na nakala moja mbovu ya PCSK9, kinasaba ambacho kazi yake ni kupunguza vile vipokezi vya LDL kwenye ini. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulipungua kwa asilimia 88, kwa kuwa ilikuwa chini tangu wanazaliwa. Kazi hiyo ilisaidia kuleta sindano mpya zinazozuia PCSK9, nyingine huchomwa mara mbili tu kwa mwaka, ingawa bei yake si ya watu wa Magomeni. Ninachokichukua pale ni kuwahi. Mtoto wa mzazi mwenye hali hii, LDL yake ikiwa 4 kwenda juu, apelekwe kwa daktari wa moyo. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Watoto wengi huanzishiwa statini wakiwa na miaka 8 hadi 10.

Dada zangu mnaopanga ujauzito, mwambieni daktari mapema, kwa kawaida statini husimamishwa hadi mmalize kunyonyesha. Msiache kimya kimya, na msisahau kurudi.