Mbunge wa zamani, muswada mmoja tu na kura alizokosa: alikuwa mzembe?

Mkuu, umeuliza kama yule mjumbe wa zamani wa Baraza la Wawakilishi la Marekani alikuwa mzembe, kwa kuwa miswada yake ni mingi, uliopita ni mmoja, na asilimia 6 ya kura hakupiga. Nilipokuwa mwanafunzi kule niliwahi kujitolea ofisini kwa mjumbe mmoja (jina kapuni), na kazi yangu mojawapo ilikuwa kupanga hizohizo rekodi.

Idadi ya miswada mimi siitazami kabisa. Mjumbe anatumbukiza karatasi kwenye kisanduku cha mbao pale mbele ya ukumbi, basi, kawasilisha. Ugumu unaanzia kwenye kamati. Mwenyekiti asipotaka kuupanga muswada kwenye ratiba, unalala humo, na miaka 2 ya Bunge hilo ikiisha, umekufa. Ron Paul wa Texas aliwasilisha zaidi ya 600. Uliokuja kuwa sheria ni mmoja, mwaka 2009, wa kuruhusu jengo la zamani la forodha pale Galveston liuzwe. Unaweza kucheka. Lakini mwaka huohuo muswada wake wa kukagua benki kuu uliungwa mkono na wajumbe zaidi ya 300, na sehemu ya hoja hiyo ikaingia kwenye sheria ya kudhibiti mabenki ya Dodd-Frank ya 2010, ambayo imebeba majina ya watu wengine. Yeye hapo hahesabiwi kitu.

Hata bosi wangu yalimkuta. Kimuswada chake cha kurasa 2 kilichomekwa kama kifungu ndani ya sheria kubwa ya matumizi. Ofisi nzima ilishangilia, ila kwenye rekodi mpaka leo kinasomeka "kimepelekwa kamatini".

Mahudhurio nayo yana mambo yake. Kengele inalia mara mbili, vitaa vya kwenye saa ya ukutani vinawaka, dakika 15 zinaanza kuhesabika. Bosi anaacha wageni wamekaa, anakimbilia ukumbini kuchomeka kadi na kubonyeza kijani au nyekundu. Mara nyingine kura yenyewe ni ya kuipa ofisi ya posta jina! Akiikosa hiyo, inahesabiwa sawasawa na akikosa kura ya vita.

Kwa hiyo usiishie kwenye asilimia, fungua tarehe. Zikirundikana wiki mbili tatu mfululizo, fikiria ugonjwa, msiba au kampeni. McCain na Obama wote walikosa kura nyingi za Seneti mwaka 2008 wakigombea urais. Zikiwa zimetawanyika, kila mara siku ya kwanza ya vikao jioni au siku ya kufunga wiki, huyo anawahi ndege. Hapo ndipo mimi namwita mzembe.

Na asilimia 100 isikubabaishe pia. William Natcher wa Kentucky alipiga kura 18,401 bila kukosa hata moja, kuanzia 1954. Mwaka 1994, akiwa mahututi, aliletwa ukumbini kwenye kitanda cha magurudumu ili asivunje rekodi. Mwezi huohuo akafariki. Namheshimu, ila sijui wapiga kura wake walifaidika nini na safari ile.

Tupia hapa tarehe za kura alizokosa huyo wako, tuzipitie.