Usianze na daftari: nilivyoandika historia ya chama cha kina mama

Niliporudi kwetu Murang'a kuandika historia ya chama cha mama, kitu cha kwanza nilichoitisha ni daftari la katibu. Panya walikuwa wamekula kona zote. Kurasa zilizobaki zilikuwa na majina na shilingi tu: fulani 5, fulani 5, fulani hakuleta. Nikalikodolea macho wiki mbili nikitafuta humo chama kilianza lini. Wewe usizipoteze wiki hizo.

Waulize wazee habari za mapaa. Vikundi vya mabati kama hiki vilishika Mkoa wa Kati wa Kenya miaka ya 1960: kina mama wanachanga, wananunua mabati, wanamwezekea mmoja, kisha zamu inakwenda kwa mwingine, hadi paa za nyasi ziishe kijijini. Hakuna shosho aliyenitajia mwaka. Lakini kila mmoja alijua nyumba yake ilikuwa ya ngapi. "Mimi nilimfuata yule wa mtoni, halafu akaja mama wa mapacha." Nikazichora nyumba zote kwa mfuatano huo, ndipo nikazifunga kwenye mambo yenye tarehe: Kenyatta alipofariki Agosti 1978, maziwa ya Nyayo yalipoanza shuleni 1979, mahindi ya manjano ya njaa ya 1984. Mtu akikuambia aliezekewa kitinda mimba wake akinywa maziwa ya Nyayo, ameshakupa tarehe.

Wakalishe kwanza watatu au wanne pamoja. Watasahihishana, watacheka, na wimbo wa kubebea mabati utatoka wenyewe. Halafu rudi kwa mmoja mmoja, maana kuna yasiyosemwa mbele ya wenzao.

Kwetu jambo hilo lilikuwa la siasa. Shirika la Maendeleo ya Wanawake liliundwa 1952 chini ya serikali ya kikoloni, likapata rais wake Mwafrika wa kwanza, Phoebe Asiyo, 1958, na mwaka 1987 likaunganishwa na KANU, chama tawala cha wakati huo. Chama chetu kidogo kikapasuka papo hapo: wengine wakakata kadi ya chama tawala, wengine wakagoma. Mpaka leo kuna wawili hawakai benchi moja kanisani.

Hayo niliyaruka kwenye nakala ya kwanza, eti kwa heshima. Mama akaisoma yote, akavua miwani. "Hiki ni chama cha malaika. Chetu umekiweka wapi?"

Basi nikauandika ugomvi, bila majina, nikampelekea kila mmoja wa wale wawili nyumbani kwake na kumsomea kwa sauti kabla sijachapisha. Fanya hivyo hata kama unaogopa. Mimi chai ilinishinda kumeza. Wote walisikiliza kimya mpaka mwisho. Walichotaka nirekebishe, kila mmoja kwa wakati wake, kilikuwa kimoja: nyumba ya 11 na ya 12 nilikuwa nimezibadilisha.