Mtaji Wangu wa Kwanza Niliupata Nikigawa Magazeti Upanga

Juzi kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Kaka, nataka biashara lakini sina mtaji, nianzie wapi?" Najua wengi mnaonisoma mna kiu hiyohiyo ya kujitegemea, kwa hiyo namjibu hapa hadharani.

Mimi nilianza na miguu. Mwaka 1997, nikiwa darasa la sita, mjomba aliyekuwa na meza ya magazeti Posta alinipa kazi ya kuyapeleka majumbani Upanga kabla ya shule. Alfajiri tunayapanga: Uhuru, Daily News, Majira, Nipashe. Wino ulikuwa hautoki vidoleni hadi mchana. Masika ikianza, kila gazeti nalitia kwenye mfuko wa nailoni, maana likilowa mteja halipokei na hela inakatwa kwangu.

Siku iliyonijenga ni Ijumaa, tarehe 15 Oktoba 1999. Jana yake Rais Mkapa alikuwa ametangaza kwamba Mwalimu Nyerere amefariki London. Magazeti yakagombewa. Njiani watu wazima walinizuia, noti mkononi, wengine wakitaja bei mara tatu, na mimi nadaiwa ada. Sikuuza hata moja. Kila gazeti lilikuwa na mwenyewe. Mzee mmoja alikuwa amesimama getini na msuli wake, macho mekundu. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Hakuitikia, alilipokea kwa mikono miwili. Baadaye akawaambia majirani zake, nikapata nyumba nyingine mtaa ule.

Mdogo wangu, mshike mteja wa kila siku. Tamaa ya leo isikupotezee mtu wa mwaka mzima. Narudia: mshike mteja wa kila siku.

Halafu kuna madeni. Baba mmoja mwenye gari zuri alisoma magazeti yangu miezi mitatu, kila nikidai ni "njoo kesho". Akahama bila kulipa, na deni likakatwa kwenye ujira wangu. Bado inaniuma, sifichi. Aliona ni mtoto, hana wa kumsemea. Watu wa namna ile wapo mpaka leo, na wanawafanyia hivyo ninyi mnaouza mitumba na chapati. Nunua daftari kabla hujanunua bidhaa. Andika jina, tarehe na kiasi, mteja atie sahihi. Anayekataa, mwuzie kwa fedha taslimu tu, hata akikuita mwanangu.