Fudistempu zimekatwa, lakini chakula bado kipo: jibu kwa mama wa Louisville

Dada mleta uzi, pole sana. Umeandika kwamba mmetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, mko Louisville, Kentucky, grini kadi, vile vibali vya kuishi Marekani moja kwa moja, bado hazijatoka, mna watoto wanne na wawili wa mwisho wamezaliwa hapahapa. Mzee wako, yaani mumeo, amepunguziwa saa kazini, na ulipofanya upya fudistempu, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, barua ikarudi inasema hamstahili tena, wakati jirani yenu bado anapokea. Unauliza kama mmefutwa kila mahali, na kama kwenda kuchukua chakula kanisani kutawaharibia makaratasi. Kuna waliokujibu hapo juu, "kaa kimya, usionekane popote." Mimi siwaungi mkono hata kidogo. Nami nimetokea kambi hiyohiyo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa najitolea kwenye pantri, yaani stoo ya kanisa inayogawa chakula bure, hapa mjini, napanga makopo na kuwatafsiria watu wetu, kwa hiyo nakueleza ninachokiona.

Hofu yako naijua ilikotoka. Kule Nyarugusu kulikuwa na orodha moja tu. Kadi ya mgao ndiyo ilikuwa kila kitu: idadi ya watu wa familia imeandikwa pale, siku ya posho unapanga foleni, unapimiwa unga, mbaazi, mafuta na chumvi, na ukifutwa kwenye orodha umefutwa kweli. Wengi tulipanda ndege na akili hiyo kichwani. Marekani haiko hivyo. Fudistempu zina orodha yake, WIC, ule mpango wa chakula cha akina mama na watoto wadogo, ina yake, shule ina yake, na pantri za makanisa na misikiti ni jambo jingine kabisa. Barua ya ofisi moja haifungi mlango wa nyingine. Naomba hilo ulishike kuliko yote nitakayoandika hapa, maana nimeona familia zinapata barua kama yako na siku hiyohiyo zinaacha hata vile ambavyo hakuna aliyewanyima.

Sasa hiyo barua. Tarehe 4 Julai 2025 ilisainiwa sheria kubwa ya bajeti, na ndani yake walibadilisha nani anastahili SNAP, ndiyo hizo fudistempu. Zamani mkimbizi alistahili tangu anapofika. Siku hizi waliobaki ni raia, wenye grini kadi, na makundi machache kama baadhi ya Wacuba na Wahaiti na watu wa visiwa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Waliokuwa wanapokea tayari wanaangaliwa zamu yao ya kufanya upya inapofika. Basi jirani yako ama zamu yake bado, ama ana grini kadi. Hamkukosea popote. Na grini kadi ikitoka mnaomba tena. Aliyeingia nchini kama mkimbizi hasubirishwi ile miaka 5 wanayosubirishwa wengine. Najua zinachelewa na inaumiza, lakini mlango huo haukufungwa moja kwa moja.

Kuna jambo kwenye maelezo yako ambalo wenzangu wamelipita: watoto wako wawili wamezaliwa hapa. Hao ni raia wa Marekani, na raia haguswi na kipengele hicho. Mzazi asiyestahili anaruhusiwa kuwaombea watoto wanaostahili, na hatakiwi kutoa namba yake ya Social Security ikiwa hajiombei mwenyewe. Mapato ya mzee watayahesabu, kwa hiyo usitegemee kiasi kilekile cha zamani, ila kidogo ni chakula. Chukua barua uangalie vizuri: imekata watu wazima na wale watoto wakubwa peke yao, au imefunga kesi yote? Kama imefunga yote, wapigie DCBS, ofisi ya jimbo inayosimamia fudistempu, au ingia kynect, tovuti ya jimbo ya kuombea misaada, uulize kwa nini wale wawili nao wametolewa. Usiporidhika una siku 90 tangu tarehe ya barua za kuomba shauri lako lisikilizwe. Ukiomba kabla ya siku ya kukatwa, na kipindi mlichoidhinishiwa hakijaisha, unaweza kuendelea kupokea huku unasubiri, ila ukishindwa wanaweza kukudai walichokupa katikati, kwa hiyo amua ukijua hivyo.

WIC. Ukiwa mjamzito, au umejifungua karibuni, au unanyonyesha, au una mtoto ambaye hajatimiza miaka 5, wewe ni wa WIC, kwa sharti la kipato kisizidi kiwango chao. Hawaulizi hadhi ya uhamiaji. Baba anaweza kumpeleka mtoto, bibi anaweza, mlezi anaweza. Unapata maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga, nafaka, mkate, na fedha ya matunda na mboga kwenye kadi, pamoja na mtu wa lishe wa kukushauri. Ninaowaona wengi wameacha WIC mtoto alipofikisha mwaka mmoja, wakidhani ni maziwa ya kichanga tu. Sivyo, inaendelea hadi anapotimiza miaka 5.

Shuleni sitakaa sana. Shule nyingi za umma hapa zinawalisha watoto wote asubuhi na mchana bila malipo, na shule haiulizi makaratasi ya uhamiaji. Ikiwa shule yao si ya namna hiyo, omba fomu ya chakula ujaze. Muulize pia mshauri wa shule kama kuna mfuko wa chakula wa Ijumaa, maana shule nyingi zinao lakini hawautangazi ili watoto wasione haya. Likizo ya kiangazi kuna vituo kwenye maktaba, bustani na makanisa ambapo yeyote mwenye miaka 18 kushuka chini anakula bure, hakuna kuandikishwa. Na tangu 2024 majimbo yaliyojiunga hutoa dola 120 kwa kila mtoto anayestahili, ya chakula cha kiangazi, inaitwa SUN Bucks.

Pantri sasa, maana hapa ndipo unapoogopa zaidi na ndipo unapoweza kupata kitu wiki hii hii. Kwanza ujue mpango wenyewe. Jiji letu lina benki ya chakula inayoitwa Dare to Care. Hiyo ni ghala. Inapokea chakula kutoka kwa wakulima, maduka makubwa na serikali, kisha inavigawia vituo vidogo: makanisa, vituo vya jamii, shule. Wewe huendi ghalani, unakwenda kituo kilicho karibu nawe. Nchi nzima kuna maghala kama 200 ya namna hiyo chini ya Feeding America. Kujua kilipo kituo chako, piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, ni bure, au angalia kwenye tovuti ya Dare to Care kwa msimbo wako wa posta, zile tarakimu 5. Piga simu kituoni kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu saa hubadilika, na vingine vinahudumia mitaa fulani tu.

Ukifika, kwetu inakuwa hivi. Mlangoni pana meza na mtu mwenye karatasi. Anakuuliza jina, mko wangapi nyumbani, msimbo wa posta. Halafu anakuonyesha jedwali la mapato kulingana na idadi ya watu, na wewe unaweka sahihi kwamba mko chini ya kiwango. Kwa chakula cha serikali, sahihi yako ndiyo uthibitisho. Hakuna stabu ya mshahara, ile karatasi ya malipo ya kazini, hakuna anayetaka kuona I-94 yako, ile karatasi ya kuingilia nchini. Vituo vingine huomba kitambulisho au barua yenye anwani kwa kumbukumbu zao, ndiyo maana nasema piga simu kwanza. Na kama ni kanisani, hawaruhusiwi kukulazimisha usali au usikilize mahubiri ndipo upewe hicho chakula cha serikali.

Kisha unapewa kigari kama cha dukani na unapita kwenye rafu. Kila rafu ina kibandiko: watu 1 hadi 3 makopo mawili, watu 4 hadi 6 makopo manne, na kuendelea. Ninyi mko sita, chukueni cha watu sita. Mama zetu huwa wanachukua kidogo kwa aibu, wanaacha kuku wa barafu wanachukua mchele peke yake. Kilichowekwa kwa watu sita ni chenu, na jioni tunapofunga huwa kuna vilivyobaki. Msiache oti, inatoa uji mzuri sana kwa watoto. Dengu za kopo zisuuzeni chumvi, kaangeni na kitunguu na nyanya, zinakwenda na ugali vizuri. Maharage ya kopo, someni nyuma, mengine yana nyama ya nguruwe hata kama picha haionyeshi. Ndugu Waislamu waambieni mlangoni mapema, mara nyingi tunabadilisha. Tarehe iliyopigwa kwenye kopo usiiogope: kwa vyakula vingi inahusu ubora, si sumu. Kopo lililovimba, linalovuja au lenye kutu nyingi ndilo la kutupa. Maziwa ya unga ya kichanga peke yake yakipita tarehe usimpe mtoto.

Vituo vingine hawaingizi watu ndani, unakaa kwenye gari wanakufungulia buti. Usipokuwa na gari usikate tamaa. Uliza kama wanahudumia wanaotembea kwa miguu, vingi vinafanya hivyo. Au jiungeni familia mbili tatu mwende na gari moja, kila mmoja ajiandikishe kwa jina lake.

Kuhusu grini kadi. Kile kipimo cha kuwa "mzigo kwa serikali", yaani kuangalia kama anayeomba grini kadi atategemea misaada ya serikali, kimo kwenye sheria, lakini sheria hiyohiyo imewatoa wakimbizi. Mkimbizi anayeomba grini kadi hapimwi kwa kipimo hicho. Mfuko wa mchele kutoka pantri hautaulizwa. Walio hapa kwa viza nyingine au wanaoombewa na ndugu, hao wamuulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba misaada ya fedha ya serikali, na siyo kumuuliza mtu kwenye kundi la WhatsApp.

Lugha isikuzuie. Kwenye ofisi kama DCBS unaweza kuomba mkalimani bure. Ukipiga 211 au DCBS sema "Swahili", rudia, subiri usikate simu hata ukimya ukiwa mrefu. Atakayekuja mara nyingi ni Mkenya au Mtanzania na Kiswahili chake si chetu cha Fizi na Uvira kule Kongo, mwambie aende polepole, hiyo ni haki yako. Tafadhali usimtumie mtoto kutafsiri. Nimeona binti wa darasa la saba anasoma mbele ya mgeni kwamba mama yake hana fedha ya chakula, na uso wake siwezi kuusahau. Na mtu akikuambia umlipe ndipo akujazie fomu ya pantri au ya WIC, mkatae. Hivi vyote ni bure.

Umeandika pia kwamba mzee anasema kwenda pantri ni kuwanyang'anya maskini wa hapa. Mwambie habari hii. Mwaka 1969, mkesha wa Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani, mtoto wa miaka 9 aitwaye Bobby Ellis alikufa kwa njaa hapahapa Louisville. Watu wa mji walishtuka na kuona aibu, na kutokana na kifo hicho ndipo Dare to Care ikaanzishwa. Kazi yake ni mtoto mwingine asilale njaa mji huu, na haikuandikwa popote kwamba awe amezaliwa Kentucky. Wanaosimama kwenye foleni yetu ni wazee wazungu wa pensheni, vijana weusi wenye kazi mbili, Wanepali, Wacuba, sisi. Wanaopanga makopo wengi walianza wakiwa kwenye foleni hiyohiyo, na mzee saa zake zikirudi kazini akitaka kuja kutusaidia kubeba maboksi tutamkaribisha, siku zote tuna upungufu wa wanaume wenye mgongo mzima.

Kesho anza na 211 na WIC, simu mbili tu. Barua ya DCBS ipige picha uiweke, usiitupe. Halafu niandikie kwa faragha mko upande gani wa mji, usiweke anwani hapa hadharani, nikuambie kituo gani kina mtu anayesema Kiswahili na siku gani anakuwepo.