Jibu: curl inapita kwenye proksi, sudo apt haipiti

Mkuu, umeuliza kwa nini curl (programu ya kuvuta data mtandaoni) inapita kwenye proksi, yaani seva ya kati ya kutokea mtandaoni, lakini `sudo apt`, yaani apt (programu ya kusakinisha programu) ikiendeshwa kwa sudo, haipiti. Proksi yako ni nzima. Ukiandika `export http_proxy=http://10.0.0.5:3128`, kigeu hicho (thamani yenye jina ambayo programu huisoma) kinarithiwa na programu unazoziendesha kwenye terminali hiyo, ndiyo maana curl inapita. Lakini sudo, amri ya kuendesha kitu kwa mamlaka ya msimamizi, kwa mipangilio yake ya kawaida hufuta karibu vigeu vyote kabla ya kuendesha amri. Hakikisha mwenyewe:

`env | grep -i proxy`
`sudo env | grep -i proxy`

Ya kwanza ikitoa anwani ya proksi na ya pili isipotoa kitu, jibu umelipata. Kwa mara moja tu:

`sudo --preserve-env=http_proxy,https_proxy apt update`

Usizoee `sudo -E`. Inajaribu kubeba kila kitu, hata usivyovihitaji. Kwa matumizi ya kila siku, tengeneza faili `/etc/apt/apt.conf.d/95proxy` lenye mstari huu, nuktamkato ikiwemo:

`Acquire::http::Proxy "http://10.0.0.5:3128";`

Halafu, andika `http_proxy` kwa herufi ndogo. Curl huipuuza `HTTP_PROXY` kwa makusudi, kwa sababu za kiusalama, ingawa `HTTPS_PROXY` inaikubali. Na usiweke nafasi kabla wala baada ya alama ya `=`, Bash (programu inayopokea amri zako kwenye terminali) itagoma.

Export hupotea ukifunga terminali, kwa hiyo iweke kwenye `~/.bashrc`, faili ambalo Bash hulisoma ukifungua terminali.