Barua kwa mwanangu: umeniuliza kama uzae tena

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama uzae tena. Mimi nimefurahia jambo jingine: umesema yote bila kukwama, hata neno "ujauzito", ambalo mwaka juzi lilikushinda ukaniandikia kwa mkono wa kushoto.

Najua hupendi niutaje usiku ule wa kiharusi. Ulikuwa na miaka 27, siku ya 19 ya arobaini yako. Kichwa kilikuuma tangu adhuhuri. Kule zahanati wakasema mzazi hukosa usingizi, wakakupa dawa ya maumivu, hakuna aliyekupima presha. Nimesema na nitasema: mzazi apimwe presha mpaka arobaini iishe. Watu hudhani mtoto akishatoka hatari imekwisha.

Baada ya magharibi kikombe cha uji wa pilipili manga kikakuponyoka. Nikakutazama, mdomo umevutwa kushoto. Shangazi yako akasema ni upepo mbaya, litafutwe kombe la dua unywe. Aliyesema tungoje kukuche ni mimi.

Tulifika hospitali saa mbili asubuhi. Swali la kwanza la daktari: "Ilianza saa ngapi?" Nikamwambia, tangu magharibi. Akanyamaza. Baadaye akanieleza kwamba kichwa hupigwa picha kwanza, ijulikane mshipa umeziba au umepasuka. Ukiwa umeziba, ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu. Labda hata tungewahi, dawa yenyewe isingekuwepo. Najiambia hivyo. Kisha najijibu kwamba presha, angalau presha, ingeanza kushushwa usiku uleule.

Ulipokwenda na fimbo sokoni walidhani umepata ajali ya bodaboda. Kwenye mazoezi ulikaa katikati ya mababu. Wakakufundisha kushika kijiko na kupanda ngazi. Kufunga nepi kwa mkono mmoja na meno ulijifunza mwenyewe. Na ile Ijumaa uliyomfunga mwanao mgongoni kwa kanga, peke yako, mkono wa kulia ukiubana kwenye mlango ili usikuangushe! Nilitoka uani nikalia, nikakwambia ni moshi.

Haya, swali lako. Presha ya mimba ina tabia ya kurudi. Uliambiwa uende kliniki kabla ya kushika mimba, maana baadhi ya dawa za presha hazimfai mtoto aliye tumboni. Mpaka hapo, vidonge vya majira vyenye estrojeni usiviguse, vinazidisha damu kuganda. Waombe njia nyingine. Nenda na mumeo, asikie kwa masikio yake.

Moyo wangu unataka kusema basi, inatosha. Mimi nina wewe mmoja na sijapungukiwa. Halafu namsikia mjukuu wangu kwenye simu akiniuliza mdogo wake atakuja lini, ulimi unakuwa mzito. Siwezi kukuamulia. Usiku ule niliamua mimi.

Ila ukishika mimba, nakuja kukaa nawe mpaka arobaini iishe. Mashine ya presha nimeshanunua, iko juu ya kabati. Kila jioni najifunzia kwenye mkono wa baba yako.

Mama yako