Miaka 40 bila kombe kubwa na uwanja ukapewa jina lake

SWALI: Assalam aleikum Bi Mhariri. Mimi ni mwalimu wa michezo shule moja ya upili huku Kisauni, nafundisha basketi ya wavulana, huu mwaka wa 19. Kaunti tumechukua mara kadhaa, kanda ya Pwani tumefika fainali mara tatu na zote tukapigwa, nesheno hatujaiona. Juzi kwenye kikao mzazi mmoja akasimama akasema mwalimu umri umekwenda, miaka yote hiyo kombe la maana liko wapi, wapishe vijana. Nilinyamaza lakini liliniuma. Mpwa wangu anasoma Tallahassee kule Florida, akaniambia mjomba usijali, huku kulikuwa na kocha wa besiboli wa chuo alikaa miaka 40 bila ubingwa wa taifa hata mmoja na uwanja wakaupa jina lake. Ni kweli ama ananibembeleza tu? Na kama ni kweli, walimueka kwa nini miaka yote hiyo?

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu. Mpwa wako hajakudanganya. Huyo ni Mike Martin, kocha wa chuo kikuu cha Florida State, aliichukua timu msimu wa 1980 akaiwacha 2019, na barua yako imenigusa kwa sababu huyo mzee nimemfuatilia miaka mingi.

Kwanza hili utalipenda. Kabla ya yote hayo alikuwa kocha wa basketi, chuo kidogo cha jamii hapo hapo Tallahassee. Besiboli alikuwa ameicheza Florida State yenyewe akiwa mwanafunzi, akarudi pale kama kocha msaidizi kwenye miaka ya sabini, halafu bosi wake Dick Howser akakaa msimu mmoja tu wa 1979 akaitwa kwenda kuongoza New York Yankees, timu ya kulipwa. Timu akaachiwa Martin, na hakutoka tena.

Sasa hesabu. Alishinda mechi 2,029, hakuna kocha wa besiboli ya vyuo vikuu wa daraja la kwanza aliyekuwa amefika hapo kabla yake. Gawanya kwa 40 unapata kama 50 kila mwaka. Usishangae wingi wake, kule wanaanza katikati ya Februari, wikendi moja wanacheza na timu ile ile Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, tena katikati ya wiki wanaongeza nyingine, msimu wa kawaida ni mechi kama 56. Kwa miaka 40 hakuna hata mwaka mmoja alioshinda chini ya 40, na hakuna mwaka timu yake ilikosa kuingia kwenye mtoano wa taifa. Mwalimu wewe unajua timu ya wanafunzi ilivyo, mwaka huu una kijana mrefu anadanki, mwakani kamaliza shule umebaki na watoto hata viatu hawana. Kwake pia ilikuwa hivyo hivyo, wazuri wanachukuliwa na timu za kulipwa kabla hata hawajamaliza masomo, na mwaka unaofuata unaanza upya. Kufanya hivyo mara 40 bila kuanguka hata mara moja mimi naliona ni kubwa kuliko kombe, na nasema hivyo nikijua wengi watanipinga.

Lakini kombe hakupata, hilo tusilifiche. Fainali za vyuo ziko Omaha, Nebraska, tangu 1950, zinaingia timu 8, na yeye alipeleka timu mara 17. Mara 17! Mwaka 1986 alifika mechi ya mwisho akapigwa na Arizona. Mwaka 1999 akafika tena, Miami wakamfunga 6 kwa 5, ranzi moja tu, yaani alama moja. Wewe umepigwa fainali tatu na bado unaziota usiku, basi fikiria yeye, kila Juni watu wanamuuliza swali lile lile la mzazi wako.

Mwenzake Augie Garrido, wa Cal State Fullerton halafu Texas, alichukua ubingwa mara 5 na kushinda mechi 1,975, na rekodi ya ushindi ilikuwa yake. Garrido akafariki Machi 2018, na Mei mwaka huo huo Martin akampita. Rekodi ikabaki kwa mwenye subira, makombe yakabaki kwa Garrido, na kule hakuna anayemdharau hata mmoja wao.

Umeuliza walimueka kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ya vijana. Mmoja wao, Buster Posey, alifika pale anacheza ulinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, vile vituo vya kukimbilia, wakamhamisha akawa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mwezi Mei 2008 kwenye mechi moja alicheza nafasi zote tisa, hadi kurusha mpira akarusha. Baadaye akachukua World Series, ubingwa wa besiboli ya kulipwa ya Marekani, mara tatu na San Francisco Giants, 2010, 2012 na 2014, akiwa mdakaji, ile nafasi aliyopewa chuoni. Kombe la Omaha hakulipata Martin, lakini kijana alipata kazi ya maisha. Na uwanja, naam, eneo la kuchezea wakaliita kwa jina lake 2005, miaka 14 kabla hajastaafu, ndani ya uwanja wenye jina la Howser yule yule.

Sasa la kupisha vijana, hapa nisikilize vizuri. Martin hakusukumwa, alitangaza mwenyewe 2018 kwamba msimu unaofuata ni wa mwisho. Msimu wenyewe ukawa mgumu, waliingia mtoano kwa tabu miongoni mwa timu za mwisho kuchaguliwa, halafu wakaenda kushinda ugenini Georgia, wakaenda kwa chuo cha LSU huko Louisiana wakashinda, mzee akamalizia Omaha. Alifariki Februari 2024. Na Juni ya mwaka huo huo Florida State ikarudi Omaha, kocha akiwa Link Jarrett, kijana aliyewahi kumchezea yeye miaka ya tisini.

Kwa hivyo mzazi yule usimjibu kwa hasira. Ila mwakani chukua mmoja wa wanafunzi wako wa zamani, wako wengi hapo Kisauni na Bamburi wanacheza basketi jioni, umueke benchi pembeni yako, umpe mazoezi ya Jumatano ayaendeshe peke yake na wewe ukae kimya utazame. Siku ya kutoka utaitaja wewe, si kikao.

Na ratiba ya kanda ya Pwani ikitoka nitumie tafadhali, nataka kuja kuwaona hao vijana wako.